Waya Mbishi

Makomeno, ghorofa ya tatu, mwezi wa sita.
Mchana jua la Lubumbashi linawaka tu,
likizama, baridi inapanda ngazi
bila kubisha hodi.

Mpangaji aliyetutangulia, Mgiriki wa duka la vitambaa,
alizika waya chini ya vigae, vyumba vyote,
akahama, akatuachia kitufe ukutani.
Wiki ya kwanza tulitembea pekupeku kama watu wa hotelini.
Wiki ya pili mita ikaanza kulia.

Mama akatazama namba. Akavaa miwani, akatazama tena.
Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa bohari kiwandani,
hakuna bolti iliyotoka bila sahihi yake.
"Faranga elfu tisini na mbili," akasema,
"kwa kupasha uvungu wa kabati?"

Jioni hiyo alifungua daftari jipya.

Akaitwa Banza, fundi umeme wa Kamalondo,
ambaye hula kwanza, kazi baadaye.
Banza alilala kifudifudi, shavu kwenye kigae,
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
"Waya umefika hadi chini ya friji," akasema.
"Sakafu inaipasha, yenyewe inajipoza,
na ninyi mnalipa pande zote mbili."
Akakata njia ya jikoni, akakata ya vyumba vya kulala.
Akabakiza kona moja ya sebule,
mahali pa kutosha meza na viti viwili.

Nikamwuliza: hii ni shaba yetu?
Akacheka mpaka akakohoa.
"Shaba hupitisha umeme bila neno, dada.
Humu wameweka waya mbishi.
Umeme ukitaka kupita, sharti wagombane,
na ugomvi wao ndio huo unaousikia nyayoni."

Mji mzima umechimbwa kwa ajili ya shaba,
babu aliacha mapafu yake Kipushi,
bomba la kiwanda bado limesimama pale, kila dirisha linaliona,
na kinachotupasha miguu si shaba.

Mama hakuwa amemaliza.
Magazeti yalisokotwa, yakazibwa nyufa za madirisha.
Blanketi la marehemu shangazi likalala kizingitini.
Kitufe: kuwasha saa kumi jioni, kuzima saa moja,
maana kigae ni kama chungu, alisema,
ukikiepua kinakumbuka moto.
Ilunga alinung'unika. Akapewa soksi.

Elfu sitini.
Elfu arobaini na moja.
Usiku tuliongea na mvuke ukitutoka mdomoni,
mama akipiga hesabu, kalamu ikisugua karatasi
kama panya mwenye furaha.

Kisha yuniti zikaanza kupotea.
Nne leo, nne kesho, bila mstari, bila maelezo.
Nikamshuku Ilunga. Nikamshuku Banza.
Nikamshuku hata Mgiriki, pengine aliacha kitufe kingine.

Saa tisa ya usiku niliamka kwenda kukagua mita.
Kwenye kona, Ngoie, kitinda mimba wetu,
vitabu vya mtihani wa taifa vimemzunguka,
nyayo tupu zimebandikwa kwenye kigae chenye joto,
midomo inasoma kemia kimyakimya.
Hatua tatu kutoka hapo, upande wa baridi,
mama juu ya kigoda, ndani ya koti la baba,
soksi jozi tatu, miwani puani, anasinzia na kuamka,
mkono mmoja karibu na kitufe.

Aliniona. Akaweka kidole mdomoni.
Nikarudi kitandani, nisipate usingizi.

Asubuhi nilifunua daftari kabla hajaamka.
Yuniti nne zilikuwepo, zimeandikwa kwa mwandiko ulionyooka,
si kwenye safu ya matumizi bali ile ya mwisho kabisa,
mahali ambapo bohari huandika
glasi zilizoanguka, mifuko iliyopasuka:
*Vilivyovunjika.*
Na pembeni, sahihi yake.